Kuishi kwa Kujificha Kwaweza Kukuletea Maradhi

Makala ya wiki hii yahusu jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulizungumza nyumbani, sembuse gazetini. Hata hivyo, katika miaka yangu ya utabibu nimejifunza kwamba ugonjwa haungoji watu wakubaliane ndipo uingie mlangoni. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujatoa hukumu.

Nitaanza na kijana mmoja aliyekuja kuniona hapa Mokowe. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, akifanya kazi ya kubeba mizigo gatini, pale ambapo abiria washukao kwenye mabasi hupanda mashua kuvuka kwenda Lamu. Mara ya kwanza alilalamikia kiungulia na tumbo kumwuma. Nikampa dawa ya vidonda vya tumbo. Baada ya wiki tatu akarudi. Sasa kichwa kilimwuma, usiku hapati usingizi, na moyo ulimwenda mbio akiwa amelala tu. Nikampima malaria, hana. Presha ilikuwa imepanda kidogo. Damu haikuwa na kasoro. Nikampa dawa ya maumivu, kisha nikamtania: "Wewe huna ugonjwa, kijana. Wewe wahitaji mke. Oa, utalala usingizi." Akacheka, akaenda zake. Sikumwona kwa miezi minne.

Aliporudi aliletwa usiku na mamake, baada ya kujaribu kujitoa uhai. Kwa bahati tulimwokoa. Siku ya tatu, mamake alipotoka kwenda kuswali, kijana aliniambia kwa sauti ya chini: "Daktari, mimi si kama vijana wenzangu. Sijapata kumpenda mwanamke. Nilikuja kwako nikitaka kukwambia, lakini uliposema nioe, nikaona hata wewe hutanisikia."

Maneno hayo sijayasahau. Nilikuwa nimetibu tumbo, nimetibu kichwa, nimepima moyo, lakini sikumwuliza mwenyewe ana nini. Ndiyo sababu leo naandika juu ya jinsi dhiki itokanayo na jamii inavyoharibu afya ya akili ya watu wanaopenda watu wa jinsia yao.

MSONGO WA MAWAZO NI NINI?

Msongo wa mawazo si uvivu wala udhaifu wa imani. Ni kazi ya mwili. Mtu anapoona hatari, kwa mfano nyoka njiani, ubongo hupeleka habari kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo hutoa homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kwa kasi, sukari huongezeka katika damu, misuli hukaza, na tumbo hupunguza kazi yake. Mwili huwa tayari kupigana au kukimbia. Nyoka akishaondoka, mambo hurudi kama kawaida.

Matatizo huanza pale nyoka asipoondoka. Fikiria mashua iliyofungwa gatini huku injini yake ikiunguruma usiku na mchana. Haiendi popote, lakini mafuta yaisha na injini yachakaa. Vivyo hivyo mtu aishiye kwa hofu kila siku. Homoni zile hukaa juu muda mrefu. Usingizi hupotea, presha hupanda, tumbo huchafuka, kinga ya mwili huvurugika, na hatimaye ubongo wenyewe huchoka. Hapo ndipo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, na ugonjwa wa wasiwasi hupata njia ya kuingia.

MZIGO JUU YA MZIGO

Huenda wajiuliza: je, kila mtu hana shida zake? Naam, anazo. Hapa Lamu tumeyaona mengi. Kuna wavuvi wanaohangaikia mahali pa kuvua, wazazi wanaotafuta karo, na familia ambazo bado zaukumbuka mwezi wa Juni mwaka 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa. Mtu anayependa jinsia yake hubeba shida hizo zote kama jirani yake. Lakini juu yake ana mzigo mwingine ambao jirani hana.

Mzigo huo ulichunguzwa kwa makini na mtaalamu aitwaye Ilan Meyer. Mwaka 1995 alichapisha utafiti aliowahoji wanaume 741 wa mjini New York wanaopenda wanaume wenzao. Aligundua kwamba waliokuwa na mzigo mkubwa wa aina hii walikuwa na uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kuwa na mateso makubwa ya nafsi. Mwaka 2003 aliyaeleza mawazo yake kwa upana zaidi, na mpaka leo madaktari wengi duniani huyatumia. Kwa ufupi, mzigo huo una sehemu nne.

Ya kwanza ni mateso yenyewe: kupigwa, kutukanwa, kufukuzwa nyumbani au kazini. Siku hizi kuna na la simu. Mtu hurubuniwa kwa ujumbe mtamu, kisha hutishwa kwamba asipotuma pesa, picha zake zitasambazwa.

Ya pili ni kuyangojea mateso hata yasipokuja. Mtu akiingia hotelini na watu wakacheka, hudhani wamcheka yeye. Mji wetu ni mdogo. Habari ikitoka gatini Mokowe alfajiri, adhuhuri imeshafika Langoni na Mkomani. Anayejua hivyo hawezi kupumzika.

Ya tatu ni kuficha. Kuficha ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Kila sentensi hupimwa kabla ya kutamkwa. Kila mwendo huchungwa. Mtu hubuni mchumba aliye Nairobi, kisha lazima akumbuke jina alilompa. Shangazi huuliza harusi lini, naye hutafuta jibu jipya kila Idi au kila Krismasi. Isitoshe, anayeficha hawezi kuomba faraja. Akifiwa na mpenzi wake, hulia chooni.

Ya nne, na ndiyo mbaya zaidi kwa maoni yangu, ni kuyaamini yale anayoambiwa. Mtoto aliyesikia tangu utotoni kwamba watu wa namna fulani ni uchafu, akija kujitambua kuwa ni mmoja wao, huwa tayari ana hakimu ndani ya kichwa chake. Hakimu huyo halali.

Angalia neno "shoga" hapa pwani. Wanawake huitana hivyo kwa mapenzi, maana yake rafiki wa karibu. Neno hilo hilo akitupiwa mvulana barazani, lageuka kuwa jiwe. Nina wagonjwa watu wazima ambao bado wakumbuka siku ya kwanza walipoitwa hivyo, na nani alikuwa amekaa hapo akacheka.

Wasichana nao hawajasahaulika katika jambo hili. Wao huteseka kimya zaidi. Wengi huozwa mapema ili "watulie", na mateso yao hujitokeza kwangu kama maumivu ya mgongo, kifua kubana, au kuzirai kusikoeleweka. Ukiwapima huoni kitu.

JE, KUPENDA JINSIA YAKO NI UGONJWA WA AKILI?

Swali hili huulizwa sana, kwa hivyo nilijibu wazi. Kwa elimu ya utabibu ya leo, hapana.

Zamani madaktari waliamini kuwa ni ugonjwa. Lakini mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Evelyn Hooker, aliwapima wanaume 30 wanaopenda wanaume na 30 wanaopenda wanawake, kisha akawapa wataalamu majibu bila kuwaambia yapi ni ya nani. Wataalamu walishindwa kuwatofautisha. Mwaka 1973 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliiondoa hali hiyo katika orodha ya magonjwa ya akili. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya isiyokuwa nayo tarehe 17 Mei 1990.

Basi tutenganishe mambo mawili. Hali yenyewe si ugonjwa. Lakini kuishi ukiwindwa, ukichekwa na ukijificha kwaweza kukuletea ugonjwa. Mtu mwenye ngozi nyeupe kwa sababu ya ualbino si mgonjwa wa akili, lakini akiishi miaka kumi akiogopa kuuawa, atakuwa mgonjwa. Mfano ni huo huo.

HALI ILIVYO PWANI NA KENYA

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya New York tu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanaume 112 wa pwani ya Kenya wanaofanya mapenzi na wanaume. Thuluthi moja walikuwa na dalili za ugonjwa wa sonona. Karibu nusu walikuwa wakitumia pombe kupita kiasi. Mimi sishangai. Miraa, pombe na unga huwa dawa ya mtu aliyekosa dawa, kisha dawa hiyo huwa ugonjwa wa pili.

Hofu yao nayo ina sababu. Mwezi wa Februari mwaka 2010 ulienea uvumi huko Mtwapa kwamba kungekuwa na harusi ya wanaume wawili. Umati ulikusanyika, watu wakapigwa, na kituo cha afya cha taasisi ya utafiti ya KEMRI kikavamiwa. Fikiria, msomaji: mahali pa kutibiwa ndipo palipokuwa mahali pa kupigiwa. Baada ya jambo kama hilo, mgonjwa hufikiri mara mbili kabla ya kuja kliniki, hata awe na homa au kifua kikuu.

Upande wa sheria, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kutoka kwa serikali ya kikoloni ya Waingereza, chaweza kumpeleka mtu jela miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa iliamua kwamba kuwalazimisha watu kupimwa sehemu za haja kubwa ili kupata ushahidi ni kinyume cha katiba. Wanaume wawili walikuwa wamefanyiwa hivyo baada ya kukamatwa mwaka 2015 huko Ukunda. Hapa sijadili siasa. Nayataja kwa sababu mgonjwa huyajua, na humfanya aketi mbele ya daktari akiwa amefunga mdomo.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, chasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Hakikutaja aina ya mtu.

DALILI ZA KUANGALIA

Zifuatazo ni dalili za sonona. Zikidumu kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, usingoje:

- Huzuni au utupu wa moyo usioondoka.
- Kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kama mpira, kuvua au kukaa na wenzako.
- Kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi.
- Kukosa hamu ya chakula, au kula bila kiasi.
- Uchovu hata bila ya kazi.
- Kujiona huna thamani, au kujilaumu kwa kila jambo.
- Kushindwa kukaza fikira.
- Kufikiria kifo au kujidhuru.

Huku kwetu dalili nyingi hujificha mwilini: kichwa, tumbo, mgongo, mapigo ya moyo. Mtu akizunguka zahanati tatu na vipimo vyote ni vizuri, tabibu yafaa aweke kalamu chini aulize, "Na nyumbani je, mambo yakoje?" kisha anyamaze asikilize.

Dalili ya mwisho katika orodha ile ni ya dharura. Mtu asemaye anataka kufa asiachwe peke yake. Si kweli kwamba anayesema hafanyi. Mwulize waziwazi. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kupumua. Aletwe hospitalini mara moja, au apige simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini, nambari 1199. Zamani watu waliogopa kuja kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba.

YASIYOTIBU

La kwanza ni ndoa ya lazima. Nilimpa mtu ushauri huo nami nikajuta. Ndoa ya namna hiyo haitibu mmoja, huugua wawili. Mke naye ana haki ya kupendwa.

La pili ni viboko, kufungiwa ndani na kupungwa pepo. Nimeona kijana aliyefukizwa mpaka mapafu yakamwuma. Hakuna utafiti wa kuaminika ulioonyesha kwamba njia hizi, au hata zile za washauri wa kizungu waliodai kuwageuza watu, hubadilisha mtu anayempenda nani. Zinachoongeza ni aibu na hatari ya kujiua. Sisemi usiombe dua. Dua na sala huwatuliza wengi, nami siziingilii. Nasema adhabu isiitwe dawa.

La tatu ni kununua vidonge vya usingizi dukani. Vingi hushika mtu, naye hushindwa kuviacha.

YANAYOTIBU

Habari njema ni kwamba sonona hutibika, hata kama jamii haijabadilika.

Matibabu ya kwanza ni mazungumzo na mshauri aliyefunzwa. Mgonjwa hufundishwa kumtambua yule hakimu wa ndani na kumjibu. Matibabu ya pili ni dawa, kama vile fluoksetini. Dawa hizi hazileti nafuu siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, na zisikatwe ghafula mtu ajionapo mzima. Daktari ndiye atakayepunguza kidogo kidogo.

Ya tatu ni watu. Meyer mwenyewe alieleza kwamba wenye wenzao wa kuwategemea huumia kidogo kuliko walio peke yao. Haihitaji umati. Rafiki mmoja wa kweli, au dada mmoja anayejua na hasemi, hupunguza mzigo kuliko vidonge vingi. Lakini chagua kwa busara wa kumwambia. Simlazimishi mtu yeyote ajitangaze mahali ambapo kujitangaza kwaweza kumgharimu uhai au riziki.

Ukitishwa kwa simu, usiendelee kulipa, maana mlafi hashibi. Weka ujumbe wake kama ushahidi, na umwambie mtu unayemwamini kabla hofu haijakuzidi.

Fauka ya hayo, kuna mambo madogo ya kila siku: usingizi wa saa zile zile, mwendo wa nusu saa jioni jua likipoa, kupunguza miraa, na kutokunywa pombe ili kulala.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wengi huniuliza, "Daktari, nilikosea wapi?" Hukukosea. Swali la kufaa ni lile la sasa: nifanye nini mwanangu asife?

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa vijana 224 huko California. Wale ambao familia zao ziliwakataa vikali walikuwa wamejaribu kujiua mara 8.4 zaidi ya wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Msomaji, hakuna dawa katika kabati langu yenye nguvu kama hiyo. Imo mikononi mwa mzazi.

Sikutaki uache dini yako wala useme usiyoyaamini. Mzazi aweza kushikilia imani yake na bado asimfukuze mtoto, asimwite majina, asimnyime chakula, wala asiwaruhusu ndugu wampige. Damu nzito kuliko maji, na hapo ndipo uzito wake hupimwa.

NENO KWA WAHUDUMU WENZANGU

Sisi nasi tuna deni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wahudumu wa afya 74 wa pwani waliopewa mafunzo ya siku mbili tu juu ya kuwahudumia wanaume hawa. Miezi mitatu baadaye chuki ilikuwa imepungua na ujuzi umeongezeka. Siku mbili si nyingi.

Na hata kabla ya mafunzo, kuna mambo yasiyohitaji fedha. Usiite wenzako waje kumtazama mgonjwa. Usimhubirie kabla hujampima. Funga mlango. Siri ya mgonjwa isivuke nawe mashuani. Usimwulize kila kijana kwa nini hajaoa. Mwulize anaendeleaje.

Kijana wangu bado anafanya kazi gatini. Alimeza dawa kwa miezi tisa, na alizungumza na mshauri mjini Lamu. Usingizi umerudi, presha imeshuka, na tumbo, ambalo nililitibu bure mara mbili, halimwumi tena. Mamake alijua, ingawa sikumwambia mimi. Alikuja siku moja, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Daktari, mambo mengine siyaelewi, na sidhani nitayaelewa. Lakini jioni namwekea chakula chake."

Nikamwambia hiyo nayo ni dawa, aendelee kuitoa. Nawe msomaji, ikiwa ndani ya nyumba yako yumo anayekula peke yake, mwite aje mezani. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.